Zamu ya Ndani ya Ini

Chupa ya jeli ilikuwa ndani ya beseni la maji ya moto, kwa sababu Kaka hakupenda baridi tumboni. Daktari wa altrasaundi aliipima joto kwa kiganja, akaifuta, akamimina jeli juu ya mbavu za kulia za kaka yake, yule aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Mtaani walimwita Mabomba, maana tangu ujanani kazi yake ilikuwa kuingia kwenye matangi ya kiwanda cha mabomba ya plastiki na kukwangua utando uliogandia kuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye aliinama humo mpaka mdogo wake akawa daktari, na hakuwahi kumsimanga kwa hilo hata siku moja.

"Kama kuna kitu kilinikata maini," alisema akiwa amelala chali, "leo utakiona mwenyewe."

"Vuta pumzi, Kaka. Ishike. Haya, pumua."

Uvimbe ulikuwepo, mkubwa, upande wa kulia wa ini. Ila kuuona si kuujua. Nesi akatikisa kichupa cha dawa nyeupe kama maziwa, iliyojaa viputo vidogo kuliko chembe za damu, akaisukuma kwenye mshipa wa mkono na kuifuatishia maji ya chumvi. Viputo huenda na damu, na kila vinapopita hung'aa. Uvimbe mpole hubaki uking'aa pamoja na ini. Mbaya huwahi kuwaka, kisha huzimika ini likiwa bado linang'aa.

Kioo cha mashine kilikuwa cheusi. Kisha uvimbe ukawaka kabla ya kitu kingine chochote. Ndani yake palikuwa na tangi lenye mfuniko wazi, na wanaume watatu wakikwangua kuta kwa makoleo.

Mabomba aligeuza shingo. "Yule wa kushoto ni Mzee Kijiko. Tulimzika mvua zilizopita. Mtazame, bado anashika koleo kama anakoroga chai."

"Tuliwaona hao hao juzi," nesi alisema, "kwenye ini la yule fundi wa mashine." Akamfunika mgonjwa miguu, maana feni ilikuwa inapuliza.

Daktari alibonyeza kitufe cha kuhifadhi picha, akasubiri. Ini lote liliwaka, laini na angavu. Katikati yake tangi likaanza kufifia, Mzee Kijiko akafuta jasho, na pale walipokuwa pakabaki shimo jeusi.

"Taa zimezimwa mapema," Mabomba alisema.

"Ndiyo, Kaka."

"Basi nimekuelewa, mdogo wangu. Nipe kitambaa nijifute."

Mkwe wa Mabomba, mume wa binti yake, ndiye aliyechukua nafasi yake kiwandani. Kwa ajili ya mkwe huyo, daktari alichapisha picha na kwenda nayo kwa meneja. Meneja alikuwa mtu wa adabu. Alimvutia kiti, akavaa miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Hili ni tangi letu," alikiri. "Namba ile pale, inasomeka."

"Hao watu wamekufa. Wote kwa ini. Hewa ya humo ndani ndiyo inayowaua, na bado mnaingiza wengine."

"Wamekufa," meneja alisema kwa upole, "na bado hawakosi zamu. Watu wa namna hiyo siku hizi hawapatikani, daktari." Kisha akakunja uso, akaisogeza picha karibu na dirisha. "Lakini hawajavaa kofia ngumu. Hilo ni kosa letu. Nitalishughulikia leo hii."

Akalishughulikia. Kofia zikaja, za njano, kila mtu na yake.

Mabomba alifia nyumbani, amelazwa ubavu, mkono wake ndani ya mkono wa dada yake daktari. Kwenye mazishi wenzake walikuja wakiwa wamevaa kofia, kwa kuwa walikuwa wanaelekea kazini. Udongo ulikuwa haujakauka mkwe alipoanza kuaga. Daktari akamshika kiwiko.

"Usiende, mwanangu. Nimekuonyesha picha."

"Umenionyesha, Shangazi, na nimeiona. Lakini watoto wangu watakula picha?"

Hakuwa na ukali. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia. Daktari akamwachia.

Mkwe akatoka, na Mabomba akatoka naye, kwa shati lile lile alilozikwa nalo, akitembea nusu hatua nyuma ya mkwe wake. Mjane aliinuka mkekani, akawaangalia mpaka wakapinda kona. "Hata siku moja hakukubali kupumzika," alisema, akaketi tena.

Daktari aliwafuata. Aliita, "Kaka!" mara moja, na Mabomba aligeuka, akamtazama kwa mapenzi yale yale ya siku zote, akafungua kinywa. Hakutoa sauti, hakuwa na pumzi ya kuitolea. Akaendelea kutembea.

Langoni mkwe alionyesha kitambulisho. Mabomba alipita bila kuulizwa. Mlinzi alipofika kwa daktari alinyoosha mkono, si kwa ubaya.

"Wewe huna zamu hapa, mama. Nenda nyumbani ukalie."

Akaenda nyumbani, akalia. Siku yake ya kurudi kazini alikuta benchi la nje limejaa. Wa kwanza alikuwa kijana wa rika la yule mkwe, kofia ya njano magotini. Alimwingiza, akamwambia alale chali na aweke mkono wa kulia chini ya kichwa.

"Inauma?" kijana aliuliza.

"Hapana," daktari akasema. "Kipimo hakiumi."