Hakuna Viatu Kwa Belamu

Kila jioni saa kumi na mbili kasorobo Kalekye alimketisha binti yake Mumbua kwenye kigoda, akamwosha miguu katika karai, kisha akamkata mizizi kwa wembe. Ilikuwa mizizi myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea, na ilitoka katikati ya vidole. Mguu wa kushoto ulikuwa msumbufu kuliko wa kulia. Kuku walikuja wakadonoa iliyoanguka.

"Leo tena?" Kalekye alisema. "Si nilikwambia uwe unasogea-sogea? Unasimama mahali pamoja kama nguzo ya stima."

"Mwaitu, ukisogea Kitonga anasema unazurura."

"Basi zurura!"

Mumbua akacheka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyopata tangu amalize kidato cha nne. Ukimpata mtoto wa namna hiyo umshukuru Mungu, lakini umchunguze miguu.

Kazi yenyewe ilikuwa kumwagilia bustani ya Kwa Belamu, kilimani juu ya soko la Tawa. Mzungu mmoja jina lake Pelham, ambaye watu walimwita Belamu, alilima mkonge hapo zamani, na mkewe akapanda bustani. Mbele ya nyumba aliweka mawaridi na bogenvilia, barabara ya kuingilia akaipangia jakaranda, na nyuma, karibu na jiko, akaweka vitu vya kutumika: milimau, mchaichai, mnanaa. Ua wa kayaba ukazunguka vyote. Wazungu walienda zao, mkonge ukang'olewa, bustani ikabaki. Siku hizi ni ya kampuni ya Nairobi, na watu huja kunywa chai na kupiga picha za harusi.

Bibi Pelham hakupenda viatu, alisema vinashindilia udongo. Mwaka wa 1931 alipigilia kibao langoni: HAKUNA VIATU. Kibao hicho hupakwa rangi mpya kila Januari. Wageni hakiwahusu. Kitonga naye, ambaye ni msimamizi, huvaa gambuti.

Shida ni maji. Nje ya ua ule wanawake wanachimba mchanga wa mto mpaka kiunoni ndio wapate mtungi mmoja. Ndani, mpira unafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, unafungwa saa nne. Katika nchi kavu namna hii, mguu ukionja tope baridi hauna haraka ya kutoka. Mfanyakazi mwenye mtu nyumbani wa kumkata mizizi huendelea na kazi. Asiye na mtu hubaki.

Mzee Ndeti alibaki mwaka juzi. Alikuwa akitunza jakaranda, na sasa ni ya sita ukiingia, upande wa kushoto. Mabibi harusi hupenda kumwegemea kwa sababu ameinama kidogo. Mkewe, Muthoki, humtembelea Jumapili baada ya kanisa, na langoni hukatiwa tiketi kama mgeni yeyote.

"Heri wangu yuko kwenye maua," Muthoki alimwambia Kalekye sokoni, akichagua nyanya. "Maua hayaguswi. Mumbua wako wamemweka wapi?"

"Nyuma. Kwenye milimau."

Muthoki akairudisha nyanya aliyokuwa ameshika. "Wui! Huko si kunavunwa?"

Siku hiyohiyo Kalekye alinunua akala mpya, za tairi nene. Asubuhi Kitonga alimvua Mumbua akala hizo langoni na kuzipeleka stoo. Stoo ilikuwa na jozi zaidi ya mia, zote zimepangwa vizuri, zote za watu ambao mama zao walipata wazo hilohilo.

Mwezi wa nane kaka yake Kalekye, aliye Kitui, alikuwa anapokea mbuzi wa ntheo, maana binti yake ameposwa. Shangazi hawezi kukosa siku kama hiyo. Kalekye alimfungia Mumbua nyembe tatu kwenye gazeti.

"Moja kwa kila jioni. Nikirudi nizikute zimetumika. Umesikia?"

"Nimesikia, mwaitu."

Jioni ya pili alipiga simu katikati ya ngoma.

"Umekata?"

"Nimekata."

Nyuma ya sauti Kalekye alisikia mpira ukitiririka. Akasema moyoni pengine ni mtandao.

Aliporudi Ijumaa alizikuta nyembe zote tatu ndani ya gazeti, hata karatasi zake hazijafunguliwa. Kulikuwa na harusi kubwa Jumamosi, na Kitonga alikuwa amewaambia watu wa nyuma walale hukohuko, ili majani yawe na maji kwenye picha. Kalekye alipanda kilima na jembe begani.

Mumbua alikuwa kwenye mstari wa tatu, gome limemfika mapajani. Viwiko vilikuwa vimeanza majani.

"Mwaitu, usipige kelele, kuna wageni."

"Wageni! Nakuuliza wembe, unaniambia wageni?"

"Nilichoka. Nilisema nitakata kesho."

"Kesho, kesho! Baba yako naye alikuwa mtu wa kesho."

Aliinua jembe. Kitonga akaja akikimbia, kitabu kwapani.

"Mama Mumbua, tafadhali. Mti wa bustani haung'olewi bila barua yenye muhuri wa Nairobi."

"Huyu si mti. Huyu nimemzaa mwenyewe, kilo tatu na nusu!"

"Jana alikuwa wako. Leo asubuhi amehesabiwa na milimau." Akafungua kitabu amwonyeshe. Ilikuwa kweli. Kumi na tisa imepigwa mstari, ikaandikwa ishirini, na sahihi pembeni.

"Basi mhamishe. Mpeleke mbele kwenye mawaridi, asikatwekatwe."

"Mlimau katikati ya mawaridi?" Kitonga alishangaa. Katika mambo yote ya siku hiyo, ni hilo tu lililomshangaza mtu. "Wageni watasema nini?"

Kitonga alipoondoka, Kalekye alipiga magoti akafukua kwa mikono. Alifukua mpaka kucha zikatoa damu, na mzizi aliokuwa akiufuata ukazidi kushuka.

"Wacha, mwaitu. Unaniumiza."

"Unataka nikuache hapa?"

Mumbua alifikiri kidogo. "Sina kiu," alisema. "Tangu nizaliwe, hii ndio mara ya kwanza."

Kalekye aliurudishia mzizi udongo aliokuwa amefukua.

Alhamisi iliyofuata walikuja kumpogoa. Makasi yalikuwa butu, yale ya kurarua. Kalekye alimnyang'anya mpogoaji, akakaa chini na jiwe la kunolea, akayanoa mpaka yakaweza kukata unywele. Akamrudishia.

"Kata mara moja," alimwambia. "Usimtafune."

Jumatatu kampuni ilitaka mtu wa kujaza nafasi. Kufika saa moja asubuhi palikuwa na wasichana kumi na mmoja langoni, wamekwisha kuvua viatu. Kalekye alisimama mbele yao akawaeleza yote tangu mwanzo: tope, nyembe, tofauti ya mbele na nyuma, kitabu cha Kitonga. Hakuwaficha kitu. Aliwaonyesha na kucha zake. Walimsikiliza kwa adabu, wakamwita mama, wakampa pole. Hakuna aliyetoka kwenye foleni.

"Kuna mwenye swali?" aliuliza.

Mmoja aliinua mkono, msichana mwembamba kutoka Mukuyuni, sweta ya shule bado iko mwilini. Aliuliza kama ni kweli ile chai wanayopewa wafanyakazi saa nne huwa ina maziwa.

Kalekye alitamani sana kumdanganya. Lakini alikuwa mtu wa kanisa, akamwambia ni kweli, ina maziwa.