Uso Ukutani kwa Taaka

Kila asubuhi, kabla ya kuchana kurasa za kufungia karanga, Taaka aliifuta picha ya ukutani kwa upindo wa leso, akamwamkia marehemu mumewe, kisha akamwinua binti yao Dorcas naye amwamkie baba. Siku hiyo Dorcas alikuwa bado yuko juu mikononi wakati marehemu alipokohoa mlangoni.

Alikuja kununua karanga. Suti ileile, masikio yaleyale.

"Mama," akasema, "huyo ni mimi."

Taaka akamshusha mtoto, akamkaribisha kiti. Hakujua adabu nyingine ya kufuata.

Mgeni alijitambulisha kuwa Oketcho, karani wa stesheni ya Tororo. Taaka naye akaeleza kwamba mumewe, Okochi, alifariki kabla Dorcas hajazaliwa, na hakuwahi kupigwa picha. Mwaka mmoja baada ya Uhuru, Taaka alinunua sokoni Busia furushi la vitabu vilivyotupwa, na picha ikaanguka kutoka katika kimoja. Ilifanana na Okochi kabisa, alisema. Kitabu hicho hakukichana. Kusoma hakujua, lakini kilikuwa kimemletea mume, kwa hiyo kilikaa chini ya picha, na majirani waliokuja kusali walikiwekea mkono wakiomba.

Oketcho akakifungua. Kilieleza ufugaji wa kuku. Yeye mwenyewe ndiye aliyekipeleka kwa binti mmoja wa Nagongera, picha ikiwa ndani, maana kumwambia kwa mdomo kwamba anampenda alishindwa. Tangu hapo alikuwa akingoja jibu. Akakitazama kile kitabu kitambo, akasema basi, sasa ameelewa.

Kisha akaomba picha yake. Hakupenda kuitwa marehemu angali anapokea mshahara, tena mama yake akisikia angelia. Taaka akampa karanga bure. Akasema masikio ni ya Okochi. Akasema na shingo pia. Oketcho akajibu kwa upole kwamba shingo ni yake, akanyoosha mkono ukutani.

Dorcas akauliza kama baba anahama.

Taaka akaushika ule mkono, akaushikilia.

"Hamfanani," akasema. "Hata kidogo. Okochi nimemsahau sura, kaka yangu. Nikifumba macho sioni mtu. Niachie huyu."