Dakika Tatu za Turbo

Gari la Kapteni halikutakiwa kuzimwa haraka, na kwenye vizuizi vya jeshi barabarani Kampala mwaka ule wa 1976 dereva asiyezima haraka alipigwa risasi. Hilo nililijua kabla sijakaza nati ya kwanza.

Lilikuwa Peugeot lililokwishatembea maili laki moja na elfu thelathini. Kapteni alitaka likimbie kama jipya, akaniletea turbo iliyong'olewa kwenye lori lililopinduka. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa nyingi ndani ya injini. Kuifunga kwenye injini iliyochoka ni kumtwisha mzee gunia la pili. Lakini hakuna fundi wa Kabalagala aliyemkatalia Kapteni. Nilibadilisha ringi za pistoni, nikaweka gasketi nene, nikavuta bomba la oili hadi kwenye turbo.

Kisha nikamwambia dereva wake, Fabiano Otema, polisi wa Naguru:

"Oili mpya kila maili elfu moja. Na ukifika, usizime. Acha injini ingurume taratibu dakika tatu, turbo ipoe. Ukizima ikiwa na moto, oili inaungua ndani na beringi inayoshika shafti inakufa."

"Umesikia?" Kapteni akamwuliza. "Ikifa hiyo, na wewe unakufa."

Tulilijaribu gari mimi na Fabiano, barabara ya Ggaba. Lilipanda mlima kwa kasi mpaka Fabiano akapiga kelele kwa furaha.

"Mzee Nashon, gari hili lina makuu kuliko mama mkwe! Huondoki mpaka uliage!"

Mbele tukakuta kizuizi. Askari akaja upande wa dereva.

"Zima motokaa!"

"Afande, ni gari la Kapteni. Dakika tatu tu."

"Nimekuuliza ni la nani? Unataka kunikimbia?" Akakoki bunduki.

Mikono ya Fabiano ilibaki kwenye usukani. Nikanyoosha mkono wangu, nikageuza ufunguo, injini ikazimika.

Walitupekua, wakachukua samaki tuliowanunua njiani, wakatuachia. Fabiano akaendesha polepole mpaka gereji.

Baada ya siku tano gari likaanza kutoa moshi wa buluu. Kapteni alikuja nalo gereji, Fabiano nyuma ya usukani. Nilifungua turbo. Shafti ilicheza kama jino bovu, na ndani kulikuwa na masizi magumu ya oili iliyoungua.

"Hii ilizimwa ikiwa na moto," Kapteni akasema. Alikuwa amejifunza kutoka kwangu. "Nani alizima?"

Fabiano alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika spana, na nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ni mimi. Sikuyasema.

"Mimi, afande," Fabiano akasema.

Kapteni akamwambia aingie kwenye buti ya gari lake jingine, lililokuwa limewafuata nyuma. Aliingia mwenyewe, akikunja magoti kwa sababu alikuwa mrefu.

Hakurudi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Siku ya tisa mkewe, Lamunu, alitolewa kwenye nyumba ya polisi Naguru pamoja na watoto watatu, godoro moja na sufuria mbili. Mimi sikuguswa. Wiki ile ile nililifungia gari la Kapteni turbo nyingine.