Mkanda Mwekundu Kwenye Majani

Lori la maziwa lilikuwa limeshafika mlangoni pa kiwanda cha jibini. Kijiti cha kupimia mabaki ya dawa za ng'ombe kwenye maziwa kilionyesha safi, na Kirsten Nygaard, mkuu wa ubora, alibakiza kutia sahihi tu maziwa yaingie matangini. Simu ya ofisini ikalia.

"Naongea na mkuu wa ubora?"

"Baba! Si ungenipigia kwenye simu yangu?"

"Nimeuliza kama naongea na mkuu wa ubora."

Kirsten akakaa wima. "Ndiye mimi."

"Elroy Nygaard hapa, mfugaji. Nina ng'ombe mgonjwa yuko kwenye sindano. Mkanda wake mwekundu wa mguuni, wa kuonya maziwa yake yasichanganywe, umekatika, nimeuokota kwenye majani baada ya lori kuondoka. Amekamuliwa pamoja na wenzake. Na dawa yenyewe, hicho kijiti chenu hakiioni."

Kirsten alilitazama lori dirishani. Ndani ya lori lile maziwa ya baba yalishachanganyika na ya majirani, na jimbo zima la Wisconsin hakuna aliyeuona mkanda ule ila mzee mwenyewe. Angeutia mfukoni, mambo yangeishia hapo.

Duane, meneja, hakutaka kusikia. "Sheria inataka kijiti, na kijiti kimesema safi. Tia sahihi, watu wamekaa bure kule ndani!"

"Sheria inataka maziwa yasiyo na dawa, Duane. Kijiti kinatusaidia tu. Na utaratibu wetu wenyewe unasema tukishaambiwa kuna dawa, hayaingii."

"Huyo ni baba yako! Watamsimamisha kuuza. Majirani watamla mbichi!"

"Anajua. Ndiyo maana amepiga ya ofisini."

Kirsten akayakataa maziwa.

Mchana lori likarudi kwa Elroy, maana mwenyewe aliomba yamwagwe kwenye shimo lake la samadi. Kirsten alilifuata. Bomba lilipofunguliwa, maziwa yakatoka kwa kishindo, meupe pe, yakapotelea kwenye uchafu. Elroy alisimama kando, kofia mkononi. Kirsten alizisomea sheria hizi chuoni, akazipanga vizuri kwenye makabati yake, na siku zote aliamini kwamba huko ndiko zinakokaa. Sasa alimtazama mzee huyu wa viatu vya mpira, akaingiwa na kicho ambacho hata kanisani hajawahi kukipata.

Gari likaingia kwa fujo. Akashuka Lavonne Kubiak, jirani ambaye maziwa yake nayo yalikuwa yakienda shimoni.

"Wewe mzee! Umenimwagia jasho langu!"

"Nimekumwagia, Lavonne," Elroy alisema. "Sina la kujitetea."

Lavonne aliyatazama maziwa mpaka bomba likakauka. Kisha akachomoa garini furushi la mikanda mipya myekundu, akamtupia kifuani.

"Hiyo yako ya bei chee katupe. Miaka yote najiuliza maziwa yangu yanachanganywa na ya nani. Leo nimejua, na siku wakikuruhusu kuuza tena, yangu yatiwe palepale na yako."