Nguzo ya Tatu

Siku ya nne baada ya kumzika mama yake, Rogathe aliingia kwenye chumba alichopanga pale Katesh kwa ajili ya utafiti, akafunga mlango, akawasha kompyuta. Hakutaka pole ya mtu. Alitaka kujua kwa nini onyo halikutoka.

Utafiti wenyewe ulikuwa wake. Minara ya simu ilipofika kijijini kwao Gehandu na kila nyumba ikapata simu ya tochi, alisimika nguzo tatu zenye alama za kina cha maji, moja hadi tano, kwenye korongo linaloteremka kutoka Mlima Hanang. Kila nguzo ilikuwa na msomaji wake. Mvua ikinyesha, msomaji anatuma namba na kompyuta inalinganisha. Wawili wakisema nne au zaidi, onyo linakwenda kwenye simu za watu wanaovuka korongo pale kivukoni. Mmoja akisema lake peke yake, anahesabiwa amekosea. Huo ndio uzuri wake, aliwaambia walimu wake chuoni: kimoja kinaweza kuharibika na mfumo usianguke. Walimu walimpongeza sana.

Wasomaji aliwachagua mwenyewe, watu anaowaamini: baba yake mkubwa, mzee Margwe; baba yake mdogo, Akonaay; na kwenye nguzo ya tatu mama yake, Fransiska, mjane.

Sasa alisoma yaliyotumwa siku ile ya mnada wa ng'ombe, siku mama yake alipofariki. Saa tisa na dakika kumi, Margwe: mbili. Saa tisa na robo, Akonaay: mbili. Dakika tatu baadaye, Fransiska: nne. Pembeni ya namba ya mama yake kompyuta ilikuwa imeandika maneno ambayo Rogathe aliyatunga mwenyewe: "Nguzo ya tatu ina kasoro. Isisikilizwe."

Fransiska alituma nne tena. Akatuma tano. Akatuma tano nyingine. Alipoona kimya, aliiacha simu akakimbia kivukoni, ambako watu waliotoka mnadani walikuwa wanajiandaa kuvuka na ng'ombe wao kutoka ng'ambo. Mvua ilikuwa na kelele, hawakumsikia. Akaingia majini ili wamwone. Walimwona, wakasimama, wakapona wote kumi na mmoja. Yeye maji yalimchukua.

Rogathe alilia mpaka kifua kikauma. Alikuwa bado anafuta uso mtu alipobisha hodi. Ni Akonaay, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Alitazama kompyuta. "Hapo pameandikwa nini?"

Rogathe akamsomea. Akonaay aliizungusha kofia yake mara mbili, tatu.

"Kasoro haikuwa kwa mama yako. Mimi niliona nne."

"Uliona nne?"

"Kwa macho yangu. Lakini kaka alikuwa ameshanipigia, kwamba ametuma mbili. Sasa mimi nitume nne? Nimwambie mkubwa wangu kwamba haoni?"

Ukungu kwenye macho ya Margwe ulikuwa unajulikana na ukoo mzima. Nyumbani walimwekea kikombe cha chai mkononi kabisa, na hakuna aliyesema neno. Rogathe naye alikuwa akifanya hivyo hivyo. Hasira ilimpanda, akakosa pa kuiweka. Katika kurasa zake zote alikuwa amekadiria betri kwisha, mtandao kukatika, nguzo kung'olewa na maji. Adabu hakuikadiria. Alidhani ana wasomaji watatu, kumbe alikuwa na wawili, na mmoja wao haoni.

"Chuo wanataka niandike ni kipi kilichoharibika," alisema. "Nikinyamaza, itabaki kwamba ni mama."

Akonaay aliivaa kofia yake. "Usiandike kwanza," alisema. "Ngoja niseme mimi."

Jumapili ukoo ulikusanyika kumaliza msiba. Mzee Margwe alisimama, kama ilivyompasa mkubwa wa nyumba.

"Shemeji yangu alikuwa jasiri," alisema. "Ila aliogopa bure, akajipeleka. Maji yalikuwa mbili tu. Mimi nilitazama."

Watu waliinamisha vichwa, kama kawaida yao. Akonaay akasimama. Rogathe alimwonea huruma kuliko alivyowahi kumwonea mtu.

"Hapana, kaka. Yalikuwa nne. Fransiska alisema kweli."

Margwe aligeuza uso upande sauti ilikotokea.

"Na wewe ulituma ngapi?"

"Mbili. Kwa sababu yako."

Mzee akaingiza mkono kwenye koti lake, akatoa simu aliyopewa kwa ajili ya nguzo.

"Rogathe," aliita, "ichukue."

Aliunyoosha mkono wenye simu kuelekea kiti kilichokuwa kitupu. Rogathe akainuka upande wa pili, akazunguka mpaka hapo mkono ulipokuwa, akaipokea kwa mikono miwili.