Maziwa ya Mwalimu Habarurema

Jumapili ile ya komunyo ya kwanza, Mwalimu Habarurema hakungoja kengele. Jua lilikuwa bado halijatoka alipoingia mtaa wa Birere kuzunguka nyumba kwa nyumba, ahakikishe hakuna mwanafunzi wake aliyetia kitu kinywani tangu usiku wa manane. Mapadri hawakumtuma. Alijituma mwenyewe, maana mbinguni, kwa maoni yake, walihitaji kusaidiwa.

Alianzia kwa Nyirakamana. Binti yake Victoire alikwisha kuvaa gauni jeupe, amesimama katikati ya chumba asije akagusa ukuta, na mama yake akimtazama hadi machozi yanamlenga. Katekisimu yote walijifunza pamoja, mama akikoroga sufuria, mtoto mchanga mgongoni. Tena shuleni ilikwisha kusemwa: asiyepokea leo hapandi mwaka wa tatu.

Mwalimu akaketi, akaanza. Alieleza habari za mtoto mmoja wa Kalengera aliyekula kiazi kimoja kabla ya misa, na yaliyompata huko motoni, utadhani alimsindikiza mpaka mlangoni akarudi. Akasema weee, koo likamkauka. Basi, kama alivyozoea katika kila nyumba ya wazazi, akanyosha mkono kuomba kinywaji bila kukatiza hotuba.

Nyirakamana angefanyaje, na mgeni kanyosha mkono? Akamwashiria Victoire, naye akaleta kibuyu cha maziwa yaliyotoka Munigi jana yake. Mtoto alikuwa amelelewa akaleleka: akapiga goti, akaonja funda moja mbele ya mgeni ili ajue hamna sumu, kisha akampa kwa mikono miwili. Mwalimu akanywa mpaka kibuyu kikalia, akafuta masharubu. Hapo ndipo macho yakamtoka.

“Mama Victoire, huyu mutoto amekunywa.”

“Alionja, mwalimu. Ni heshima yako.”

“Mfungo umevunjika. Atangoja mwaka kesho.”

Victoire hakulia. Alianza tu kufungua vifungo vya gauni, kimoja kimoja, na hilo ndilo lililomkata mama yake maini. Nyirakamana akakitazama kibuyu, akamtazama mwalimu, sauti yake ikawa ya upole kabisa.

“Sawa, mwalimu. Na weye, leo utapokea?”

Mwalimu akafuta masharubu tena. Kila Jumapili yeye ndiye wa kwanza kwenda kupokea. Kanisa zima liliujua mgongo wake kuliko liijuavyo altare.

Akakohoa. Akaanza kufikiri kwa sauti, na elimu ya dini ikamjia kwa wingi. Kuonja, alisema, si kunywa. Maziwa ya heshima si chakula, ni adabu, na adabu haijawahi kuvunja mfungo wa mutu. Kwa hiyo mutoto anaweza kupokea.

“Na weye?”

“Hata miye, mama, nilionja tu.”

Nyirakamana akakipindua kibuyu. Halikudondoka hata tone. Ingekuwa rahisi kunyamaza, vifungo vifungwe tena, mtoto apande darasa. Lakini hakutaka mwanawe ampokee Yesu mara ya kwanza kwa njia ya panya. Akajifunga mtoto mchanga mgongoni, akasema waende wote wakamwulize padri.

Padri aliwasikiliza huku anavaa kanzu ya misa, akacheka mpaka ikamkwama kichwani. Alipotoka humo alisema mwaka wa tatu hautakimbia. Victoire na mwalimu wake warudi Jumapili ijayo, wapokee pamoja.

Siku ile mwalimu hakwenda kupokea, nyimbo aliziongoza kutoka benchi la nyuma, na Birere nzima ikajiuliza ametenda dhambi gani. Kila mutu alikuwa na jibu lake, tena majibu mazito. Hakuna hata moja lililokuwa na maziwa ndani yake.

Jumapili iliyofuata walipiga magoti ubavu kwa ubavu, gauni jeupe na koti jeusi. Victoire alipokea, akafumba macho. Mwalimu midomo ilimtetemeka, kana kwamba naye ndiyo mara yake ya kwanza. Nyirakamana, pale benchini, alikuwa amekuja amejiandaa kucheka. Akajikuta anawaombea wote wawili, na akamwombea mwalimu zaidi kidogo.