Kioo cha Redio ya Babu

Mama alipopitisha pamba yenye spiriti kwenye kioo cha redio ya babu, vumbi lilitoka, na stesheni zote zikatoka nalo. Majina ya miji yaliyochapwa kwa rangi yalihamia kwenye pamba. Kioo kikabaki cheupe.

Mtu mwenye chumba kizima cha redio kuukuu za masafa mafupi hahitaji kuambiwa kwamba kioo cha namna ile hupanguswa kwa brashi kavu tu. Mama alijua. Furaha ndiyo iliyompofusha. Kwa miezi redio ilikuwa bubu. Asubuhi ile, baada ya mama kuficha kapasita mpya, vile vipuri vidogo vya kutunza umeme, ndani ya maganda ya zile za zamani ili sura isibadilike, taa za redio ziliwaka rangi ya chungwa, ikakohoa, ikanguruma.

Na mjomba alikuwa njiani. Kaka mtu alimwachia mama ile redio kwa sharti moja: kikiharibika chochote, anaichukua akaifanye pambo sebuleni kwake, chombo cha maua juu yake.

Alipoingia aliitazama redio, kisha dada yake.

"Umemnyoa baba ndevu."

Mama akajitetea kwamba inaongea. Mjomba akasema itaongeaje na haijui iko wapi, akainamia waya wa umeme auchomoe. Mama akamdaka mkono.

"Kaka, itafute stesheni ya baba. Ukiikosa, beba."

"Mimi niikose?"

Alivuta stuli, akafumba macho, akazungusha kitufe taratibu. Mluzi. Mvumo. Watu wakibishana kwa lugha tusiyoijua. Mkono wake ukapita mahali, ukasita, ukarudi nyuma kiasi cha unywele, na sauti ya mwanamke msoma habari ikajaa chumba, safi kana kwamba amekaa mezani nasi.

Mjomba hakufumbua macho. "Ni hapa. Baba alikuwa akifika hapa, sote kimya."

Akaniomba penseli yangu ya wanja, akatia alama kwenye kioo pale mshale uliposimama. Rangi ingefuata baadaye. Mama akasema alama yenyewe imepinda kama mwandiko wake wa shule. Akajibiwa ashike tochi na afunge mdomo.

Wakaanza kuiwinda stesheni ya pili, mmoja akidai iko kushoto, mwingine kulia, vichwa vimegusana juu ya redio. Mjomba akanituma nimpigie mkewe simu: wale chakula tu, wasimsubiri.